«Uko mutoto ya nani?» Hatutajibu tena hili swali kwenye mlango wa staji

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, na ninyi wa miji mingine mnaotusoma,

Kuna swali moja ambalo kila mtu aliyemaliza droa analijua, hata kama halikuwa kwenye mtihani wowote. Linaulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, wakati unatoa bahasha yako: «Uko mutoto ya nani?»

Hawaulizi ulipata pointi ngapi. Hawaulizi kazi yako ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya nini. Hawaulizi kama unajua kusoma kontra ao kuandika barua ya kumpeleka mtu mahakamani. Ni mutoto ya nani tu. Na ukitaja jina la baba yako, jina lisilojulikana mahakamani wala kwenye ofisi ya gavana, unapata jibu ambalo sisi wote tunalijua: «Acha dosiye hapa. Tutakuita.»

Hawaiti.

Sisi tunaoandika hapa ni vijana wa vuguvugu la raia, na kati yetu wamo wengi wenye diplome ya sheria na bila kazi. Tumechoka kusikia kila mmoja wetu akieleza hii mambo peke yake, usiku, kama vile ni haya ya kwake. Si haya ya mtu mmoja. Ni utaratibu mubaya, na utaratibu mubaya unasemwa hadharani.

Tuanze na sheria, maana ndiyo tuliyosoma. Kazi ya avoka katika nchi yetu inaongozwa na ordonansi-sheria n° 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Kufuatana nayo, diplome peke yake haikufanyi avoka. Inabidi uandikwe kwenye listi ya wastajieri wa baro, uape mbele ya Korti ya Rufaa, na ufanye staji ya miaka 2 karibu na avoka aliyekutangulia. Kisha njo unaweza kuandikwa kwenye tablo ya ma-avoka.

Hatupingi staji. Nani anataka kutetewa na mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mwamuzi? Tunachopinga ni hiki: sheria inasema staji ni ya lazima kwako, lakini hakuna anayelazimika kukupokea. Kuna daraja moja tu juu ya mto, na watu wachache wameachiwa wachague nani apite. Wanachagua namna gani? Kwa jina, kwa kabila, kwa kanisa, kwa mufuko. Hakuna tangazo, hakuna mtihani, hakuna listi iliyobandikwa ukutani. Mtoto wa mukubwa anapata kabine kabla hajapata diplome. Mtoto wa mama anayeuza makala Katuba anapata diplome, halafu anaanza kutembea.

Na kutembea kunalipiwa. Kopi za diplome zenye muhuri, cheti cha tabia njema, karatasi ya kuonyesha kwamba hukufungwa, mapicha, enveloppe, basi ya kwenda na ya kurudi. Kila karatasi na kabureau yake, kila kabureau na «kitu kidogo» chake. Mwenzetu mmoja aliweka dosiye kwenye kabine 11. Mbili zilimjibu. Kwenye moja kati ya zile zilizonyamaza, alirudi kuuliza baada ya majuma matatu, akakuta bahasha yake ile ile, haijafunguliwa, chini ya radio ya sentinele. Hakusema kitu. Aliichukua, akaenda nayo kwenye kabine ingine, maana alikuwa hana tena franga ya kutengeneza dosiye mupya.

Ukipata mtu wa kukupokea, unakutana na ukuta wa pili: franga za kuingia kwenye baro. Zinabadilika kati ya baro na baro, lakini zinahesabiwa kwa mamia ya dola. Kwa familia iliyokwisha kuuza kiwanja ili kulipa masomo, mamia ya dola ni nini? Ni kiwanja cha pili, na hakipo. Kisha, ukishaapa, wengi wetu wanafanya kazi miezi na miezi bila mushahara. Unaandika, unakimbia kwenye grefu ya mahakama, unabeba sakoshi ya patro, na jioni unapewa «ya transport», kama patro amekumbuka.

Dada zetu wako na ukuta wao tena. Wengi walituelezea, kila mmoja na sehemu yake, lakini hadithi ni moja: dosiye inapokelewa haraka, tabasamu ni kubwa, namba ya simu inaombwa, halafu mazungumzo juu ya staji yanahamishwa kutoka bureau kwenda hoteli, kutoka saa ine ya asubuhi kwenda saa mbili ya usiku. Anayekataa kwenda hapigiwi tena. Na nyumbani anasema tu «walinikataa», maana ataelezea nini kwa baba? Tunasema wazi: huo ni uhalifu, na mwenye kuufanya akivaa toga nyeusi, toga haimfuniki.

Tunajua wakubwa watajibu nini. Watasema: kabine nyingi ni ndogo, mezani hakuna wateja, yule patro mwenyewe anadaiwa kodi ya nyumba. Ni kweli kwa wengine, tunakubali. Watasema: hawa vijana wanatoka chuo kikuu bila kujua kuandika barua moja. Hapo pia tunakubali sehemu. Tulisoma kwenye ma-sali yaliyojaa, wengine wakisimama dirishani; tulikariri silabi tulizouziwa; migomo ya maprofesa ilikula miezi yetu. Lakini hiyo njo maana ya staji! Mtu haendi kujifunza kwa sababu anajua tayari. Na kama kabine haina nafasi, inashindwa nini kuandika mistari miwili: «Hatuna nafasi, asante»? Uhaba hauelezi kwa nini nafasi chache zilizopo zinapita chini ya meza.

Sasa tusikilize vizuri, maana hii mambo si ya wenye diplome peke yao.

Hapa kwetu, chuo kikuu kiko Kasapa. Gereza kubwa la mji pia liko Kasapa. Kwa miaka tulipanda basi za njia hiyo pamoja na mama wanaobeba chakula kwenye mabakuli yaliyofungwa na kitambaa. Shiye tulikuwa na madaftari, bo balikuwa na bukari ya batoto babo. Ndani ya magereza ya nchi hii, sehemu kubwa ya wafungwa hawajahukumiwa bado. Wanangoja. Wengine wanangojea hasira ya jirani, wengine deni, wengine simu iliyopotea. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuzuiwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kujitetea ao kutetewa na mtu aliyemchagua. Na ile sheria ya 1979, ile ile inayotulazimisha staji, inaomba baro iwe na bureau ya kushauri na kutetea wasio na uwezo.

Wekeni haya mambo mawili pembeni kwa pembeni. Upande huu, maelfu ya watu wanaolala chini bila mtu wa kusoma dosiye yao. Upande ule, kwenye barabara ile ile, vijana waliosomea kusoma dosiye, na wanauza yunite. Ndiyo: tulitafuta kabine ya avoka, tumejikuta kwenye kabini ya yunite, na parasol ya rangi juu ya kichwa. Hatudharau hiyo kazi, inatulisha. Lakini nchi yenye wafungwa wengi hivi bila mutetezi, na watetezi wengi hivi bila kazi, haikosi watu. Inakosa mapenzi ya kufungua mlango.

Hii njo sababu tunasema: mlango wa staji ukifungwa kwa mtoto wa masikini, unafungwa pia kwa masikini mwenyewe. Maana nani atakwenda Kasapa bila kuuliza kwanza franga? Ni yule ambaye mama yake alikuwa kwenye ile basi.

Tuseme sasa kitu ambacho hatupendi kusema: namna kukataliwa kunavyokula mtu.

Kwenye avenue wanakuita «Metre» tangu mwaka wa kwanza. Siku ya diplome walikunywa, walicheza, walikumwangia poda. Mwaka umepita, na bado wanasema «Metre», lakini sauti imebadilika. Mmoja wetu alikuwa anatoka nyumbani kila asubuhi na shati iliyopigwa pasi, dosiye kwapani, anaenda kukaa kwenye kivuli karibu na Posta mpaka jioni, kusudi mama yake aamini kwamba alipata staji. Alifanya vile miezi miwili. Mama yake alikuwa anamwekea chakula cha «mutu ya kazi». Siku alipomwambia ukweli, mama alijibu kwamba alijua tangu juma la kwanza, maana viatu havikuwa na vumbi ya mtu anayekimbia mahakamani. Alikuwa anamngoja awe tayari kusema.

Wewe unayesoma na unafanya vile sasa hivi: sema. Sema kwa mtu mmoja, leo. Na ukumbuke kitu ulichokisoma mwenyewe. Kifungu cha 21 cha Katiba kinasema kila hukumu inaandikwa na inatolewa sababu. «Tutakuita» haikuandikwa. Haina sababu. Haikusomwa mbele ya watu. Kwa hiyo si hukumu juu yako. Usijifunge kwenye gereza ambalo hakuna mwamuzi aliyekutuma.

Na wakati tunapigania mlango, tusikae mikono mitupu. Kifungu cha 20 kinasema vikao vya mahakama ni wazi kwa watu wote. Hakuna patro wa kukuzuia kuketi kwenye benchi ya nyuma. Tumeanza kwenda watano watano: tunasikiliza, tunaandika namna avoka mzuri anauliza swali, na namna avoka mbaya anapoteza kesi. Jioni tunakutana chini ya muembe, kila mmoja anaandika upya hoja za upande ulioshindwa, wengine wanazikosoa. Haitupi toga. Lakini siku mlango utafunguka, hakuna atakayesema hatujui kitu.

Madai yetu ni haya:

1. Baro itangaze kila mwaka, kwa maandishi na mbele ya wote, kabine zenye nafasi za staji, hesabu ya nafasi, na namna ya kuchagua.
2. Kila dosiye iliyopokelewa ipewe alama ya kupokelewa na jibu la maandishi, hata likiwa «hapana».
3. Franga za kuingia zibandikwe ukutani, zipunguzwe, na mwenye hana zote alipe kidogo kidogo wakati wa staji.
4. Mstajieri apate walau ya kula na ya kutembea, kwa hesabu inayojulikana. Kifungu cha 36 cha Katiba kinazungumzia mushahara wa haki. Hakisemi «isipokuwa kwa mwenye toga mupya».
5. Kuwe na mahali pa kupeleka malalamiko ya dada zetu, ambapo anayepokea si rafiki ya anayeshtakiwa.
6. Serikali isaidie bureau ya kutetea wasio na uwezo, na kazi ndani ya hiyo bureau ihesabiwe kama staji kamili kwa vijana waliokosa kabine.

Hatuombi tu. Kifungu cha 27 kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali petisyo, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tumefungua daftari. Kila mmoja anaandika: siku aliyoweka dosiye, jibu alilopata, franga alizoombwa. Hatutatoa majina ya watu hadharani, tutatoa hesabu. Daftari litaenda pamoja na petisyo kwa Wizara ya Sheria, na kopi kwa baro. Siku 90 tutazihesabu moja moja.

Neno la mwisho ni kwetu wenyewe. Kati yetu wako waliopita kwa jina la mujomba, na siku ya pili wakaanza kusema «vijana hawataki kuanzia chini». Ndugu, dada, hatukuchukii. Lakini uko ndani: shika mlango, usiache ujifunge nyuma yako. Na siku utakuwa patro, kijana akija na bahasha mkononi, muulize amesoma nini, anataka kumtetea nani.

Nasi tukiulizwa tena «Uko mutoto ya nani?», tumekubaliana jibu. Tuko batoto ya hii inchi. Fungua dosiye, soma.