HASHEEM HAKUTUANGUSHA, SISI NDIO TULIMWANGUSHA

Nimepotea kidogo, mambo ya chumba cha habari mnayajua wenyewe. Kwa sasa niko Ikungi, nyumbani, nimekuja kuwaona wazee, na huku angalau nimepata muda wa kuandika jambo ambalo limenikaa kooni siku nyingi. Wapenzi wa basketi kaeni mkao wa kula. Na nyie ambao si wapenzi msiondoke, linawahusu vilevile.

Kuna mjadala mmoja wa mashabiki wa NBA hapa Bongo ambao hauishi. Kila msimu ukikaribia mwisho, watu wakishachoka kubishana kama Jordan ni zaidi au LeBron ni zaidi, lazima atokee mmoja ataje jina la Hasheem Thabeet. Likishatajwa tu, kicheko. Eti mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, James Harden akachaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba, halafu ona yeye alichofanya na ona wenzake walichofanya. Eti katuaibisha. Hilo nimelisikia Dar, nimelisikia Dodoma, na juzi nimelisikia hapa hapa Ikungi kwa dereva wa bodaboda aliyevaa jezi ya Lakers.

Mimi nasema HAPANA. Na leo nitasema kwa nini.

Tuanze na ukweli ambao hakuna anayebishana nao. Hasheem amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Soma tena hapo: miaka kumi na mitano! Juni 2009, akiwa na miaka 22, Memphis Grizzlies wakamchukua katika ile siku ambayo timu za NBA huchagua vijana wapya, wenyewe wanaiita drafti (sio ile yetu ya visoda). Katikati hapo alishapita sekondari kule Houston na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, makocha wa vyuo walimpa tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi. Mwaka wake wa mwisho chuoni alikuwa anazuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo.

Sasa tumuweke pembeni ya Curry, maana ndiye mnayependa kumlinganisha naye. Baba yake Curry, mzee Dell, alicheza NBA misimu 16. Mtoto alikulia kwenye viwanja vya NBA, baba akiwa mwalimu wake wa kwanza wa kutupa mpira. Hasheem alipoushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza, Curry alishaumaliza utoto wake wote akiwa nao mkononi. Kisha mnawaweka kwenye mstari mmoja na kuuliza nani kamshinda nani. Hayo ni mashindano gani?

Kilichomsumbua Hasheem NBA hakikuwa urefu, ana zaidi ya mita 2.20. Vilimshinda vitu vidogo vidogo: kupokea pasi katikati ya watu, kugeuka kwa mguu mmoja bila kupoteza mhimili, kujua wakati wa kuruka na wakati wa kutulia ili usipigwe faulo. Hivi ni vitu ambavyo mtoto hufundishwa akiwa na miaka minane, tisa, kumi, akavirudia mpaka mwili ukavizoea. Katika miaka hiyo, nani alikuwa anamfundisha? Taifa lilikuwa wapi? Halafu mtu huyo huyo akifika peke yake mahali ambapo hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kufika, tunamwambia katuaibisha. Tuna macho makavu kweli.

Najua wajuzi mmeshanyanyua mikono. Mtasema Hakeem Olajuwon naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa kule Lagos, na bado akachukua ubingwa mara mbili, 1994 na 1995. Mtasema Joel Embiid naye alichelewa kule Yaoundé, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA nzima. Sawa kabisa. Lakini msiishie katikati ya hadithi. Olajuwon kabla ya kikapu alicheza mpira wa mikono na alikuwa golikipa wa mpira wa miguu. Embiid alicheza wavu. Yaani miguu na mikono yao ilishapita shule, ila ilikuwa shule ya mchezo mwingine. Kwa hiyo hoja yangu haisemi kila mtoto apewe mpira wa kikapu akiwa na miaka sita. Inasema mtoto lazima apate mtu wa kumfundisha mwili wake, mchezo wowote ule, mapema. Sisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Hasheem ni mwanafunzi, tulikuwa na serikali iliyosimamisha mashindano ya michezo mashuleni! Baadaye yakarudishwa, lakini kuna kizazi kilishapita hapo katikati bila chochote.

Mfano mwingine uko jirani. Sudan Kusini. Julai 20, 2024, pale London, walifungwa na Marekani ya LeBron na Curry kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Wiki moja baadaye wakaifunga Puerto Rico kwenye Olimpiki ya Paris. Watu wakasema "si unaona, wale ni warefu". Jamani, Wadinka hawakuanza kurefuka mwaka 2024! Manute Bol, mwenye mita 2.31, aliingia NBA mwaka 1985. Urefu ulikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba vita viliwatawanya watu, na wengi wa vijana wale wakakulia Australia, Marekani na kwingineko, mahali ambapo shuleni kuna kocha na mtaani kuna kiwanja. Kisha Luol Deng, aliyekuwa mchezaji wa Chicago Bulls, akawakusanya. Damu ni ile ile, urefu ni ule ule, tofauti ni MWALIMU.

Sasa nirudi Ikungi, maana huku ndiko kunakoniuma.

Wilaya hii, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini, ina bingwa wa dunia. Simzungumzii mtu wa kuazima. Alphonce Simbu, kijana wa Mampando, Septemba 2025 alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa muda ule ule wa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue, tofauti sehemu tatu za mia moja za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Huku watu walishangilia mpaka basi.

Lakini sikiliza wanachosema vijiweni baada ya shangwe. Wanasema "kipaji". Kipaji cha Mungu, kipaji cha Wanyaturu, kipaji cha upepo wa Singida. Neno hili kipaji mimi nimelichoka, kwa sababu ndilo tunalojifichia. Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016. Alipata shaba London mwaka 2017. Dhahabu ilikuja 2025, akiwa na miaka 33. Katikati hapo kuna miaka ya mazoezi Arusha, kuna kocha, kuna wenzake wa kukimbia nao, kuna ajira ya jeshi iliyompa ugali. Mkiita yote hayo kipaji, mnamfutia mtu jasho lake na mnajisamehe wenyewe. Maana kama ni kipaji, basi hakuna anayepaswa kufanya lolote. Tunakaa tu chini ya mti tunasubiri Mungu ashushe mwingine.

Na kwenye kikapu tunafanya hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Akionekana mtoto mrefu, watu wanasema "huyu anafaa basketi". Anapelekwa chini ya goli, anaambiwa asimame hapo, anyooshe mikono, asidunde mpira, mpira wadunde wafupi. Huyo hajafundishwa, amegeuzwa nguzo. Nikola Jokic ana mita 2.11, katoka Sombor, mji mdogo tu kule Serbia, amekuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu, na silaha yake kubwa ni pasi. Angekuwa wetu tungemkataza kudunda.

Kuna watakaosema tatizo ni vifaa. Kwamba Ikungi haina kiwanja cha sakafu, saruji ni ghali, sijui halmashauri haina fungu. Hapa ndipo ninapotaka tubishane vizuri.

Nenda shule ya msingi yoyote huku, utakuta nguzo mbili za netiboli. Nyingine zimepinda, nyingine ni mti tu wenye pete ya nondo, lakini zipo. Kwa sheria, pete ya netiboli inakaa mita 3.05 kutoka chini. Goli la NBA linakaa mita ngapi? 3.05! Tofauti ni kwamba pete ya netiboli ni nyembamba zaidi, sentimita 38 kwa 45, na haina ubao wa kukusaidia. Mtoto anayeweza kutumbukiza mpira pale ana jicho kuliko mabishano yenu yote.

Kuna zaidi. Netiboli hairuhusu kutembea na mpira. Ukidaka, mguu uliotua ndio mhimili, na una sekunde tatu tu za kuuachia. Yaani msichana wa darasa la sita hapa Ikungi, mwenye gauni la shule na miguu mitupu kwenye vumbi, kila jioni anajifunza kusimama, kugeuka na kutoa pasi ya haraka. Ndivyo vile vile vitu nilivyosema vilimsumbua Hasheem! Ila hakuna anayemtazama. Wavulana wanapewa mpira wa miguu, wasichana netiboli, na wapenzi wa kikapu tunazunguka kutafuta warefu. Wazazi na walimu, wachanganyeni hawa watoto. Mpeni mvulana netiboli, mpeni msichana mpira wa kudunda. Kwa watoto wa chini ya miaka 12, mchezo wenyewe unataka goli la mita 2.60 tu na mpira mdogo, namba 5. Fundi seremala wa Ikungi hashindwi hilo.

Kinachokosekana ni mtu. Mwalimu wa michezo katika shule nyingi ni yule aliyechelewa kwenye kikao akapewa kazi hiyo. Ana vipindi vyake vya hisabati, ana madaftari ya kusahihisha, na siku ya mashindano anapewa filimbi. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayejua kikapu na amekaa.

Na hapo nawageukia nyie, wadau. Nyie mnaojua tofauti ya ulinzi wa kanda na wa mtu kwa mtu. Mliocheza UMISSETA, mliocheza chuo. Fainali ya NBA ya 2025, Oklahoma City na Indiana, ilikwenda michezo saba. Kwa saa zetu ilikuwa inaanza saa tisa au saa tisa na nusu usiku. Weka saa mbili na nusu kwa kila mchezo, unakaribia saa 18, na mlikesha zote. Saa 18 ni vipindi 12 vya mazoezi vya saa moja na nusu. Kwa vipindi 12 mtoto anaweza kujifunza kudunda kwa mkono wa kushoto bila kuangalia chini, kusimama kwa miguu miwili, na kutoa pasi ya kifuani inayofika. Hatakuwa Curry. Lakini hatafika miaka 15 akiwa mgeni wa mwili wake mwenyewe.

Sisemi muache kutazama. Mimi mwenyewe natazama, na kesho yake ofisini macho mekundu. Nasema kila anayejua, achukue shule moja, ile aliyosoma, Jumamosi mbili kwa mwezi. Jezi moja ya Karume ukiiacha, umekaribia bei ya mpira. Kama uko mbali, mtumie mpira mwalimu unayemjua na ukae naye kwenye simu umweleze mazoezi mawili. Na ukifika uwanjani, acha kufoka. Mtoto anayetukanwa kwa kila pasi mbovu hujifunza kutotoa pasi. Waache wote wacheze, mfupi na mrefu, kwa sababu hakuna anayejua nani atarefuka.

Halmashauri nayo isijifiche nyuma yetu. Kiwanja cha kikapu cha watatu kwa watatu, ambacho tangu Tokyo ni mchezo wa Olimpiki, ni mita 15 kwa 11 tu. Hicho kinaingia kwenye uwanja wa shule na gwaride bado linafanyika. Wilaya yenye bingwa wa dunia ikishindwa kumwaga zege la ukubwa huo, na iseme wazi kwamba haijataka.

Na mpaka siku tutakapofanya hayo, naomba jina la Hasheem lisitajwe tena kwa kicheko. Alianza na miaka 15, bila msingi tuliopaswa kumpa, akafika namba mbili duniani kwa vijana wa mwaka wake. Deni tunalo sisi.

Mnaobisha, bisheni. Ila anza kwa kuniambia unafundisha watoto wangapi.

Nawasilisha.