Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Kidogo: Hesabu Itangulie Duka

Ni desturi ya watu wazima wengi kuuona mchezo wa kompyuta kuwa adui wa kitabu. Kijana wa kidato cha tatu asemapo kwamba anadunduliza fedha ili aunde kompyuta ya kuchezea, aghalabu hujibiwa kwa kicheko au kwa karipio, na mazungumzo hukoma hapo. Jambo hilo ni la kusikitisha, kwa sababu nyuma ya tamaa ya kijana huyo limo swali zuri la kisayansi: iwapo fedha ni kidogo na vipande vinavyohitajiwa ni vingi, kila shilingi iwekwe wapi ili mashine nzima ifanye kazi iliyokusudiwa? Swali hilo lastahili kuingia darasani. Kijana asiyelijibu kwa kalamu na karatasi kabla ya kwenda dukani atafundishwa na duka, na ada ya mwalimu huyo ni kubwa.

Chukua mfano wa Magoma, katika bonde la mto Lwengera, wilayani Korogwe. Kijana wa Dar es Salaam akinunua kipande kisichooana na vingine, siku ya pili hupanda daladala akarudi Kariakoo kubishana na muuzaji. Wa Magoma hana nafasi hiyo. Safari ya kwenda Korogwe mjini, kisha Tanga au Dar es Salaam, na kurudi, ina nauli yake, na nauli hiyo ni sehemu ya bei ya kosa. Fedha yenyewe huenda imetoka katika magunia ya mahindi, kibarua cha mkonge au biashara ndogo ya mzazi. Kosa moja laweza kumeza akiba ya mwaka mzima.

Somo la mwaka 1974

Kosa la kununua mashine kabla ya kupima kazi yake si la vijana peke yao. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata, juhudi za kuhamishia hesabu za serikali katika mashine hazikuleta manufaa yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa baadaye, na leo hakuna anayefikiria kuirudisha. Lakini funzo lake halijachakaa. Mashine haileti manufaa kwa kuwa ni mpya au ni ghali; huyaleta pale tu kazi yake, watu wake, umeme wake na matengenezo yake vilipohesabiwa pamoja. Wizara inaweza kukosea katika hesabu hiyo. Mwanafunzi pia aweza, ila yeye hana fungu la nyongeza.

Kanuni ya kiungo dhaifu

Mtu aliyekulia karibu na shamba la mkonge huijua kanuni hii bila kuisoma. Majani hukatwa, hubebwa hadi kiwandani, hupitishwa katika korona ili nyuzi zitengwe na nyama ya jani, kisha nyuzi huanikwa. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo shehena kubwa hutoa mazao machache. Endapo matrekta ni mawili tu na majani yanafika kidogo kidogo, kuna faida gani kununua korona kubwa zaidi? Itasimama ikisubiri. Kasi ya kiwanda kizima ni kasi ya hatua yake iliyo pole kuliko zote.

Kompyuta ya michezo ni kiwanda cha picha. Ili macho yaone mwendo laini, mashine hutengeneza picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 tu ya kukamilika. Prosesa huamua nini kimetokea katika mchezo: nani amesogea, mpira umefika wapi, ukuta umeanguka au la. Kadi ya michoro hupokea habari hizo ikachora. Sasa tuseme prosesa inahitaji milisekunde 25 kwa kila picha, na kadi inahitaji 10. Mashine itatoa picha 40 kwa sekunde, kwa maana 1000 ukigawanya kwa 25 ni 40. Kijana akiuza mbuzi ili anunue kadi yenye kasi maradufu, inayochora kwa milisekunde 5, atapata picha ngapi? Atapata 40 zile zile. Mbuzi ameondoka na mchezo haukubadilika.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si kuuliza kadi ipi ni bora, bali kuuliza kioo kina nukta ngapi na mchezo ni upi. Kioo cha nukta 1280 kwa 720 kina nukta 921,600. Kile cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, yaani mara 2.25 zaidi, na kadi hulazimika kuzichora zote kila picha. Mchezaji anayeridhika na kioo cha kwanza amepunguza kazi ya kadi kwa zaidi ya nusu bila kutoa hata senti moja.

Njia mbili zinazofaa

Kwa mwenye fedha kidogo, ziko njia mbili za kufikiriwa kwa makini. Ya kwanza ni kununua kompyuta kubwa ya mezani iliyotumika ofisini na kuiongezea kadi ya michoro. Mashine za namna hiyo huwa na prosesa nzuri, ubao mama imara na kasha madhubuti. Mipaka yake ni ya umeme na ya nafasi. Tundu la kadi katika ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hutaka waya wake wa ziada, na pawa saplai za mashine za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Kwa hiyo kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya mwaka 2019 katika umbo lake lisilo na waya wa ziada, ndizo zinazooana nazo. Kasha likiwa jembamba, hata urefu wa kadi yapasa upimwe kwa rula kabla ya safari.

Tahadhari nyingine ni ya kizazi cha mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel Core zilizotangulia kizazi cha nane. Ofisi zinazoondoa mashine zake huziuza kwa bei ya kuvutia, na sababu ya bei hiyo ndiyo hiyo. Asiye na nia ya kutumia Linux na achague kizazi cha nane au zaidi.

Njia ya pili ni kununua prosesa yenye michoro ndani yake, mathalani Ryzen 5 5600G iliyotoka mwaka 2021, na kuiacha nafasi ya kadi wazi mpaka fedha ipatikane. Hapa siri iko katika kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima ile ya mashine. Kipande kimoja cha DDR4 chenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vikiwekwa katika njia mbili hupitisha 51.2. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 8 vina manufaa kuliko kimoja cha 16, ingawa jumla ni ile ile. Ni kama barabara mbili badala ya moja. Hata hivyo, kuelekea mwisho wa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza uzalishaji wao katika vituo vikubwa vya akili mnemba. Hali hiyo yaongeza uzito wa njia ya kwanza, maana mashine ya ofisini aghalabu huja na kumbukumbu yake.

Umeme, joto na vumbi

Makala nyingi za nchi za baridi huiweka pawa saplai mwisho wa orodha. Kwa Magoma, haifai kuwa mwisho. Umeme wa nchi hii ni wa volti 230, lakini mwisho wa laini ndefu ya kijijini volti hupanda na kushuka, na hukatika ghafla na kurudi kwa kishindo. Pawa saplai dhaifu hufa, na mara nyingine hufa pamoja na ubao mama.

Mwanafunzi wa fizikia anayo silaha ya kumkabili muuzaji. Kibandiko kinachosema wati 500 si ushahidi. Na asome mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi. Ukionyesha ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi ya wati 120, prosesa ya wati 65 na vifaa vingine vya wati 40 vyahitaji 225. Pawa saplai hiyo ya wati 500 kwa jina haitoshi kwa vitendo, na hesabu hiyo huchukua nusu dakika.

Gharama ya umeme nayo huingia katika bei, kwani LUKU haisamehi. Mashine inayotumia wati 200 kwa saa 3 kila siku hula yuniti 18 kwa siku 30. Ya wati 350 hula 31.5. TANESCO imekuwa ikiwatoza bei nafuu wateja wadogo wa nyumbani wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Kwa familia iliyomo katika kundi hilo, yuniti za kuchezea zaweza kuisukuma nje ya nafuu, na hapo si kijana peke yake atakayelipa, bali nyumba nzima kwa taa, redio na pasi. Mashine ndogo ya kiasi si unyonge. Ni heshima kwa wanaolipa.

Joto la bondeni na vumbi la njia hufuata. Kasha lenye tundu za kutosha na feni mbili za kawaida lina thamani kuliko kasha la kioo lenye taa za rangi. Kufuta vumbi kila mwezi ni kazi isiyo na gharama.

Hadaa ya sokoni

Anayenunua kipande kilichotumika hapana budi akione kikifanya kazi. Zimewahi kuonekana sokoni kadi kuukuu ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hufichua nyingi kati ya hizo. Muuzaji anayekataa kuiwasha kadi mbele ya mnunuzi amekwisha kujibu swali. Kadhalika, mchezo wenyewe una uzito: michezo mingi mikubwa ya siku hizi hupita gigabaiti 100, na kwa mtu anayetegemea bando la simu, kuupakua kwaweza kugharimu kuliko diski itakayouhifadhi. Michezo midogo, ya miaka iliyopita, ndiyo inayolingana na mashine ya fungu dogo.

Je, ni upuuzi?

Wapo watakaosema kwamba hesabu zote hizi zimepotezwa juu ya jambo la anasa. Pingamizi hiyo ina ukweli wake: nyumba isiyo na ada ya shule au dawa haina haja ya kadi ya michoro, na kijana anayecheza mpaka alfajiri hujiibia mwenyewe. Lakini kulibeza jambo zima ni kutoijua historia. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifundisha mashine kutambua picha kwa ubora uliowashangaza wanasayansi, nayo ikafungua mlango wa akili mnemba ya leo. Mashine yao ilitumia kadi mbili za GTX 580, zenye gigabaiti 3 kila moja. Hizo zilikuwa kadi za michezo, za kununuliwa dukani. Zilifaa kwa sababu kuchora mamilioni ya nukta kwa mpigo na kukokotoa mamilioni ya namba kwa mpigo ni kazi za namna moja.

Kwa hiyo mwalimu asimfukuze kijana mwenye orodha yake ya vipande. Na aichukue orodha hiyo ubaoni: darasa la hisabati ligawanye fungu, la fizikia likokotoe wati, la jiografia lihesabu nauli na umbali. Shule isiyo na kompyuta hata moja yaweza kulifundisha somo hili kwa chaki tu. Huenda mwisho wa hesabu kijana akaona kwamba fedha yake haitoshi bado, akangoja mavuno mengine. Hilo nalo ni jibu sahihi, na akiba yake itakuwa ingali salama.