Kitabu Kipewe Saa Yake

Mwandishi ametumia miaka mitano kuandika kitabu. Siku ya kukizindua chuoni anapewa dakika kumi. Muda mwingine wote unakwenda kwenye utambulisho wa meza kuu, salamu za idara, salamu za kitivo, hotuba ya mgeni rasmi, kukata utepe na picha za pamoja. Maswali yakifika, mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tunaruhusu mawili tu, mafupi. Wanafunzi waliojaza viti vya nyuma wanatoka bila kujua kitabu kinadai nini.

Tumeyaona haya katika zaidi ya chuo kimoja, na yanatuuma. Hatupingi sherehe. Mtu aliyemaliza kitabu katika nchi hii, akahariri, akabembeleza mchapishaji, pengine akachangia gharama kutoka mfukoni mwake, anastahili vigelegele, na mama yake aliyesafiri kutoka kijijini anastahili kiti cha mbele. Lakini heshima kubwa ambayo chuo kikuu kinaweza kumpa mwandishi ni kumsoma na kumjibu.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanalo somo la kujivunia. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana aliyekuwa akisoma sheria, aliandika makala ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Ilitoka katika Cheche, jarida la wanafunzi. Walimu, wakiwemo Walter Rodney na John Saul, waliisoma, wakashika kalamu na kumjibu kijana yule kama wanavyojibiwa wakubwa wenzao, kwa hoja. Cheche lilipigwa marufuku mwaka uleule. Mjadala haukufa. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House ilitoa makala ile pamoja na majibu yake katika kitabu kimoja, na mwaka 1976 likafuata buku la Shivji mwenyewe kuhusu matabaka Tanzania, ambalo linasomwa mpaka leo. Hebu fikiria kama makala ile ingepokewa kwa makofi na soda, kisha kila mtu akaenda zake.

Kwa hiyo tunaviomba vyuo vyetu vibadili ratiba. Sura moja ya kitabu isambazwe kwa wanafunzi wiki mbili kabla. Wateuliwe wasomaji wawili waliokimaliza kitabu chote, na mmoja wao awe mtu asiyekubaliana na mwandishi. Mwandishi asimame asome kurasa zake kwa sauti yake, maana kuna mambo ambayo msikilizaji huyapata kwenye pumzi ya aliyeyaandika. Halafu maswali, saa nzima. Mgeni rasmi akaribishwe kama msomaji. Asipopata nafasi ya kukisoma kitabu, salamu zake ziwe fupi.

Kuna suala la nakala pia. Desturi yetu ni mgeni rasmi kununua nakala ya kwanza kwa fedha nyingi, na wakubwa wengine kuahidi kumi kumi. Ni msaada wa kweli kwa mwandishi, uendelee. Ila nakala hizo nyingi huishia kwenye makabati ya ofisi, huku mwanafunzi akiondoka na picha ya jalada kwenye simu. Anayeahidi kumi aelekeze tisa maktaba na shule za sekondari za jirani, na mlangoni pawe na meza yenye bei ambayo mwanafunzi anaimudu siku hiyo. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000 na kuketisha wasomaji 2,100. Rafu hizo zinapaswa kujaa kazi za watu wetu kabla ya kazi za wengine.

Na lugha. Wanazuoni wetu wengi wanaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiko vyeo vyao vinakopimwa. Hilo lina mjadala wake. Lakini siku ya kukitambulisha kitabu hakuna anayemzuia mtafiti kukieleza kwa Kiswahili. Aliyeandika kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria alikaa na watu mwaloni, akapanda mitumbwi yao, akaandika majibu yao kwenye daftari lake. Bila wao asingekuwa na kitabu. Mara nyingi hawaalikwi hata mmoja.

Waalikwe. Nauli ya wavuvi wawili kutoka Mwanza haizidi gharama ya kupamba ukumbi. Wakae mbele, wasikilize kilichoandikwa juu yao kwa lugha wanayoisikia, na swali la kwanza liwe lao.