Piga Picha Kabla Hujapiga Dawa



Ukisimama Karatu mjini asubuhi utaona magari ya watalii yakipanda kuelekea geti la Loduare, Ngorongoro. Ndani kuna kamera zenye lenzi ndefu kama mkono, zote zinamfuata faru na simba. Hakuna anayesimama kumpiga picha mdudu aliyejificha chini ya jani la nyanya. Lakini kwa mkulima wa biashara, huyo mdogo ndiye anayekula faida. Msimamo wangu ni huu: simu yako ni kifaa cha shamba kama lilivyo bomba la kupulizia, na picha ya karibu itangulie dawa.

Gharama ya kukosea naijua, maana nimekosea mwenyewe. Kijana mmoja wa Mang'ola alinitumia WhatsApp picha ya nyanya zenye majani yaliyopauka. Picha haikuwa wazi. Nikamjibu harakaharaka apulize dawa ya wadudu. Akapuliza mara mbili, majani yakazidi kukauka. Nilipofika shambani nikabana lenzi ndogo kwenye simu, nikageuza jani. Nikaona vidudu vyekundu vya miguu minane na utando mwembamba. Kumbe ni utitiri, ndugu wa buibui. Wadudu wa kweli wana miguu sita, na dawa nyingi za wadudu haziui utitiri. Zinachoua ni wale wanaoula, nao unabaki ukizaliana, hasa kwenye joto na ukame. Hela ya kijana ilikuwa imeshaenda, na kosa lilikuwa langu.

Picha ya karibu inakuonyesha mambo ambayo jicho linayapita. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Kantangaze huanzia ndani ya jani la nyanya, katikati ya ngozi zake mbili, na kuacha mabaka yenye kinyesi cheusi.

Inawaokoa na rafiki zako pia. Kuna buu jeusi lenye madoa ya rangi ya chungwa, sura yake kama kimamba kidogo. Wengi wakiliona wanakimbilia bomba. Huyo ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Buibui naye hali majani yako, anawinda wadudu. Ukimuua, umemfukuza kibarua asiyedai mshahara.

Namna ya kupiga ni rahisi. Nenda alfajiri, wadudu bado wana baridi na hawakimbii. Geuza jani. Usivute picha kwa vidole, sogeza simu yenyewe, kisha gusa kioo pale mdudu alipo. Zuia pumzi kidogo, bonyeza. Kwenye kitunguu, kung'utia majani juu ya karatasi nyeupe uwaone thripsi. Kwa mahindi, ipo programu ya Nuru ya PlantVillage, inayoongea Kiswahili na kufanya kazi hata bila intaneti.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wenye muda. Nawauliza, muda wa kupuliza ekari mbili mara ya tatu unautoa wapi? Ni kweli picha haitibu mmea, na kuna magonjwa yasiyoonekana kwa lenzi ya simu. Hapo tupeleke sampuli, tusibahatishe. Lakini kwenda duka la pembejeo na kuomba "dawa kali" bila kujua unamuua nani ni kucheza kamari kwa mtaji wako.

Na sisi maafisa ugani tuache kuandika dawa kwa picha zenye giza. Mimi nimeanza. Ukinitumia swali, nataka picha tatu: mmea mzima, jani zima, na upande wa chini wa jani kwa karibu. Zikipungua, nitakurudisha shambani. Usinichukie, nalinda mfuko wako.