Mtoto anapotaka kuacha timu katikati ya ligi

 

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza pale shuleni. Mtoto alianza timu kwa furaha, hata jezi alilala nayo. Sasa ligi imefika nusu, na jioni moja anasema, "Mama, mimi sirudi tena mpirani." Mzazi afanye nini?

Wengine hujibu, "Hapa kwetu, kitu ukianza unamaliza!" Wengine husema, "Acha basi, ni mchezo tu, hauleti ugali." Sisi walimu wa kujitolea tunaokaa na watoto hawa darasani na uwanjani tunaona kwamba majibu yote mawili yanakuja haraka mno. La kwanza linaweza kumrudisha mtoto mahali anapoumizwa. La pili linaweza kumnyima kitu kizuri kwa sababu ya hasira ya siku moja.

Kuna wanaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli. Lakini hata samaki mbichi, ukimkunja kwa nguvu nyingi, anakatika.

Je, ni mchezo tu?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 12 kinasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri wake na ukomavu wake. Kwa hiyo mtoto akisema anataka kuacha, hajakosa adabu. Ameleta neno, na neno hilo lisikilizwe kabla ya kuamuliwa.

Tena hapa Nakivale timu ina kazi kubwa kuliko mpira wenyewe. Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanavaa rangi moja. Watoto ambao wazazi wao hawasalimiani kwenye bomba la maji wanapeana pasi. Mtoto akitoka kwenye timu, anaacha mpira na pia anaacha watu. Ndiyo maana tunaomba uamuzi huu usifanywe ukiwa umesimama mlangoni na sufuria mkononi.

Namna ya kuuliza

Usimuulize mbele ya wageni wala mbele ya kaka zake watakaomcheka. Muulize mkiwa njiani kuchota maji au mkichambua maharage. Mtoto huongea vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Maswali matatu yanatosha:

1. Jambo hili lilianza lini? Akisema "tangu Jumamosi", pengine ni hasira ya kufungwa. Akisema "tangu kocha mpya aje", sikiliza kwa masikio yote mawili.

2. Unaona vibaya zaidi wakati gani: njiani, uwanjani, au baada ya mchezo? Wapo watoto wanaopenda mpira ila wanaogopa njia.

3. Kama jambo hilo likiondoka kesho, ungependa kurudi? Akijibu ndiyo, basi hajachoka na mpira. Kuna kitu kinamsumbua, na kazi yenu ni kukitafuta.

Halafu nyamaza kidogo. Wazazi wengi huuliza vizuri kisha wanajibu wenyewe.

Sababu za kumtoa leo leo

Kuna mambo ambayo hayangoji ligi iishe. La kwanza ni mtu mzima anayempiga mtoto, anayemtukana kila siku, anayemshika mwili au kumwita peke yake gizani. Hapo usiseme "vumilia mechi mbili". Mtoe siku hiyo hiyo, mwambie hana kosa, kisha peleka habari kwa ofisi ya ulinzi wa watoto au kwa kiongozi unayemwamini. Hapa Uganda kuna pia simu ya bure ya watoto, nambari 116. Ukimtoa mtoto wako bila kusema lolote, wenzake wanabaki na mtu yule yule.

La pili ni mwili. Mtoto aliyegongwa kichwa, akawa anatapika, anasahau, anaona kizunguzungu au kichwa kinauma sana, asirudi uwanjani siku hiyo hata kama anasema yuko mzima. Apelekwe kituo cha afya. Maumivu ya kisigino au chini ya goti huwapata sana watoto wa miaka 9 hadi 15 wanaorefuka haraka, kwa sababu msuli unavuta mfupa ambao bado unakua. Mara nyingi hupungua kwa kupumzika. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuacha timu. Anahitaji wiki kadhaa za kukaa pembeni, na kocha aambiwe sababu ili asimwite mvivu.

Sababu zinazotengenezeka

Sababu nyingi tunazosikia ni za namna hii. Mtoto anasema "nimechoka na mpira" kumbe ana aibu kusema jambo lenyewe.

Kijana mmoja wa darasa la tano alikuwa mkimbiaji mzuri, anaongea Kibembe. Wenzake uwanjani walikuwa wanaitana kwa Kinyarwanda, naye hakuelewa, pasi hazimfikii, akidhani wanamsema. Kocha alipotoa agizo kwamba uwanjani wote waitane kwa Kiswahili, kijana alibaki. Hakuna aliyehitaji kuadhibiwa. Lakini kama ni matusi ya kabila kweli, na kocha anacheka badala ya kukataza, hilo limeshahamia kwenye sababu za hapo juu.

Wasichana wana sababu yao ambayo akina baba hawaisikii. Msichana wa miaka 12 au 13 anaanza hedhi, kaptula ya timu ni nyeupe, choo kiko mbali, na pedi hana. Anaona heri aache. Mama, shangazi au mwalimu wa kike aongee naye taratibu. Kaptula ya rangi nyeusi na ruhusa ya kukaa nje siku mbili bila kuulizwa maswali inaweza kumbakiza msichana kwenye timu mwaka mzima.

Wengine wana njaa. Mgao unapopungua, nyumba nyingi hupika mara moja kwa siku, na mtoto anakimbia saa kumi jioni na tumbo tupu. Huyo si mvivu. Ongea na kocha apunguze mbio, au mtoto aje siku moja kwa wiki badala ya tatu. Wengine wanaogopa kurudi jioni peke yao kutoka uwanja wa mbali. Wazazi watatu wa njia moja wakipokezana kuwasindikiza, shida imekwisha.

Sababu za kumwambia "malizia kwanza"

Halafu kuna sababu ambazo ni za kawaida za utoto. Anakaa benchi. Timu imefungwa mara tatu mfululizo. Kocha alimpa mwingine nafasi ya golikipa. Rafiki yake ameacha, naye anataka kumfuata. Hapa tunashauri mtoto amalizie.

Usimwambie "utacheza mpaka mwisho utake usitake." Hesabuni pamoja. Mechi ngapi zimebaki? Kama ni nne, na mnacheza kila Jumamosi, ni wiki nne. Mwambie, "Maliza hizi nne, halafu uamuzi ni wako, mimi sitakugombeza." Kisha shika neno lako. Mtoto anaweza kubeba mzigo akijua unatuliwa wapi. Na wale kumi wanaocheza naye wanamtegemea. Akiacha leo, pengine wataingia uwanjani pungufu.

Kuhusu benchi, mtoto mwenyewe amwendee kocha na kumuuliza, "Nifanye nini ili nicheze?" Asiende baba na hasira. Swali hilo moja ni somo ambalo darasani hatuwezi kumfundisha.

Na kama ni mzazi ndiye anataka aache?

Tuseme ukweli, mara nyingi si mtoto. Mvua za Septemba zinaanza, mahindi na maharage yanangoja kupandwa, na mikono nyumbani haitoshi. Au mtoto yuko darasa la saba, na mtihani wa PLE ni Novemba.

Shamba ni chakula, hatuwezi kulipuuza. Lakini kupanda ni siku chache. Mwombee mtoto ruhusa ya siku hizo na arudi. Kuhusu mtihani, mtoto wa darasa la saba anaweza kupunguza mazoezi muhula wa tatu. Kuyakata yote huleta hasara nyingine, kwa maana tunawaona wanaokatazwa mpira wakikaa barabarani saa zile zile, na kitabu hakijafunguliwa. Mwandikieni ratiba: saa ya maji, saa ya kitabu, saa ya mpira. Kama alama zinashuka hata baada ya hapo, mpira usubiri.

Jambo moja tunawaomba sana: msimtoe mtoto kwenye timu kama adhabu ya sahani aliyovunja. Adhabu hiyo inawapiga na watoto kumi wasio na kosa.

Wapo pia wazazi wanaolazimisha kwa ndoto. Wanamtaja Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995, akahamia Australia mwaka 2006, na mwaka 2022 akafunga penalti katika mechi na Peru iliyoipeleka Australia Kombe la Dunia. Ni habari ya kweli na inatupa moyo. Lakini Kakuma ilikuwa na watoto maelfu waliopiga mpira ule ule, na wengi wao leo ni walimu, mafundi na wazazi wema. Tazameni pia Nadia Nadim, mkimbizi kutoka Afghanistan aliyechezea timu ya taifa ya Denmark, na mwaka 2022 akamaliza masomo ya udaktari. Mtoto wa miaka 11 asibebeshwe safari ya familia nzima mguuni.

Akiacha, aage

Tuseme mmesikilizana, mmepima, na imeonekana aache. Hapa ndipo tunapotaka kukaza neno.

Watoto wetu wameacha vitu vingi katika maisha yao, na karibu vyote waliviacha bila kuaga. Waliacha nyumba usiku. Waliacha shule, mbuzi, babu, na rafiki ambaye hawakujua kama watamwona tena. Na hata hapa, familia ya jirani ikipata safari ya ng'ambo au ikirudi nyumbani, asubuhi unakuta mlango umefungwa. Mtoto anajifunza kwamba kuondoka ni kupotea tu.

Timu inaweza kumfundisha namna nyingine. Isipokuwa pale ambapo uwanja wenyewe ni hatari, mtoto arudi mara moja ya mwisho. Aoshe jezi na kuirudisha kwa mkono wake. Amwambie kocha, "Ninaacha kwa sababu hii, asante kwa kunifundisha." Awape wenzake mkono. Mzazi asimame mbali kidogo, asimsemee. Dakika kumi zinatosha. Mtoto aliyeaga anaweza kupita karibu na uwanja kesho bila kuinamisha kichwa, na mwakani akitaka kurudi, mlango uko wazi. Na familia ikipata safari ghafla, fanyeni vivyo hivyo kabla ya kufunga mizigo, hata kama ni jioni moja tu.

Baada ya hapo, zile jioni tatu zisibaki tupu. Kuna kwaya, kuna kikundi cha kusoma, kuna kujifunza kushona au kutengeneza baiskeli kwa jirani. Mwulizeni anataka nini.

Wazazi wetu, ninyi mnamjua mtoto wenu kuliko kocha na kuliko sisi. Mkiwa na swali, tupateni shuleni baada ya masomo ya mchana, au mtume barua kwa mkono wa mtoto. Mwezi ujao tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kuongea lugha ya nyumbani. Kaeni kwa amani.