Mhandisi wa Mazingira na Mwajiri Asiyeonekana

Kijana mmoja jirani yangu hapa mtaani Satellite, aliyehitimu uhandisi wa mazingira, aliniuliza juzi amwandikie nani barua ya kuomba kazi. Swali hilo lilinilemea, kwani kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nadhani neno lenyewe limechangia taabu yake. Wengi wakisikia "mazingira" humfikiria mpanda miti, ilhali huyu ni mtu wa kupima majitaka, kusanifu mitambo ya kuyasafisha na kuamua taka zizikwe wapi.

Kazi haikosekani. Ukivuka barabara ya Naivasha na kuingia Kawangware, utaiona mitaro ya wazi ikipeleka uchafu kwenye vijito vinavyomimina maji katika Mto Nairobi. Mbona basi hana mwajiri?

Jengo likiporomoka, hasara ni ya mwenye jengo, na ndiyo sababu humlipa mhandisi bila kusukumwa. Anayechafua mto hapati hasara. Wanaougua ni wakazi wa chini. Kwa hivyo taaluma hii huajiriwa pale tu sheria inapomshurutisha mwenye mali. Sheria tunazo: ile ya mazingira ya 1999, kanuni za 2003 zinazodai tathmini kabla ya mradi na ukaguzi baadaye, na nyingine kuhusu ubora wa maji. Kila mara kiwanda kinapoachwa kumwaga majitaka usiku bila kuulizwa, nafasi ya kazi ya kijana huyu imemwagwa pamoja nayo.

Nilimshauri athibitishe kama kozi yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, ajisajili huko kama mhandisi mhitimu, kisha aombe NEMA leseni ya mtaalamu mshiriki ili afanye tathmini chini ya mtaalamu mkuu. Asiidharau pia kampuni ya majitaka ya jiji. Mabwawa ya Ruai yananuka, lakini ni shule.

Tena akichunge Kiswahili chake. Kanuni hizo za 2003 zinataka wananchi waelezwe mradi mikutanoni na maoni yao yaandikwe, hata yaliyotolewa kwa mdomo. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza kigumu. Awezaye kumweleza mama mboga tope la choo litapelekwa wapi ana ujuzi ambao wenzake wengi hawana.

Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza iwapo leseni hiyo hulipiwa. Hulipiwa, tena kila mwaka.