Siku ya Kwanza kwenye Bustani ya Michezo: Anza na Aliye Mfupi

Likizo ndefu za shule zinapokaribia, akina mama wengi wa kwetu wanaolea watoto huko Marekani husikia swali lilelile kila jioni: "Mama, tutakwenda lini Disney?" Kwa mtoto ni swali jepesi, lakini kwa wazazi ni mzigo. Kuna safari, kuna tiketi, kuna chakula, na kuna siku nzima ya kutembea juani. Akiba huwekwa kwa miezi mingi, na siku ikifika, saa nane mchana mtoto mmoja analia, mwingine amenuna, na wazazi hawasemezani. Aghalabu kosa si la mahali. Siku ilipangwa kwa kumfuata aliye mkubwa na mwenye sauti. Mwezi huu tujifunze kupanga kwa kuanzia na aliye mdogo.

Kwanza, chagueni bustani moja tu. Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, ilifunguliwa mwaka 1971, na sasa ina bustani kubwa nne za michezo. Kila moja inatosha kwa siku nzima. Tuchukue mfano wa ile ya wanyama, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa mfano wa Afrika Mashariki, na kwenye kuta zake kuna maandishi ya Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa ugenini, anayeona haya kusema lugha ya bibi yake mbele ya wenzake, atayakuta maneno hayo hadharani. Mwambie awasomee wote kwa sauti.

Pili, keti na baba watoto mkubaliane kuhusu fedha kabla watoto hawajatangaziwa. Bei ya tiketi hubadilika kulingana na tarehe, kwa hiyo linganisheni siku kadhaa kabla ya kulipa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwa tiketi. Wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 10 ni bei ya mtu mzima. Halafu wekeni kiasi cha vitu vya kuchezea, na kila mtoto akijue kiasi chake tangu nyumbani. Neno "hapana" lililosemwa sebuleni haliumizi kama lile linalosemwa dukani mbele ya watu.

Tatu, wapimeni watoto kimo. Jambo hili husahauliwa sana, nalo ndilo huleta machozi mengi. Treni ya Expedition Everest, inayopanda mlima na kushuka kwa kasi, humtaka mtu awe na sentimita 112 au zaidi. Mchezo wa Avatar Flight of Passage nao ni hivyo hivyo. Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe mtoto ukutani, na uweke alama ya penseli penye 112. Asiyefika ajue mapema kwamba mwaka huu bado. Usimwekee vitambaa ndani ya viatu ili aonekane mrefu. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya usalama wake, na tena hutaki kumfundisha kudanganya mlangoni.

Lakini asiyefika asiachwe bila chake. Kilimanjaro Safaris, gari la wazi linalopita katikati ya twiga, tembo na simba walio hai, halina sharti la kimo. Onyesho la nyimbo za Lion King pia ni la wote, tena hufanyika ndani ya jengo lenye ubaridi. Mwacheni mdogo achague la kwanza la siku. Wakubwa wakienda kwenye treni, mzazi mmoja abaki naye. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni tangu mwanzo, na yule aliyebaki ataruhusiwa kuingia baadaye bila kurudia foleni ndefu. Basi, mama, usiwe wewe wa kubaki na mikoba kila mara. Mpokezane.

Nne, fikeni mapema kabla ya milango kufunguliwa. Asubuhi foleni ni fupi na jua halijawa kali. Miezi ya Juni hadi Septemba, mvua ya radi ni kawaida huko Florida wakati wa alasiri, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Lile onyesho la ndani liwekeni mchana, joto linapozidi. Bebeni makoti mepesi ya mvua, kofia, na soksi za akiba.

Tano, chakula. Mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu, mradi hakuna pombe wala chupa za kioo, isipokuwa vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga. Barafu ya vipande hairuhusiwi. Gandisha chupa za plastiki za maji ziwe badala yake. Chapati, mayai ya kuchemsha na matunda vitaokoa fedha nyingi. Maji baridi hutolewa bure kwenye vibanda vinavyouza soda. Mwenye mtoto mchanga aulizie chumba cha kulelea watoto, ambako kuna mahali pa kunyonyesha na kubadilisha nepi.

Sita, usalama. Asubuhi mpige kila mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo. Andika namba yako ya simu kwenye kikuku cha karatasi mkononi mwake. Mfundishe kwamba akipotea asitembee kuwatafuta, bali amwendee mfanyakazi yeyote mwenye kibandiko cha jina kifuani. Mwonyesheni mmoja mara tu mnapoingia.

Mwisho, jueni saa ya kuondoka. Tiketi ina bei, na moyo hutaka kuimaliza mpaka taa zizimwe. Lakini mtoto aliyechoka hafaidi tena kile mlicholipia; anakivumilia tu. Mdogo akianza kusinzia begani, hesabuni kwamba siku imetimia. Ondokeni wakati wote bado wanaongea kwa furaha.

Na mkifika nyumbani, iacheni ile alama ya penseli ukutani. Siku yule mfupi atakapoifikia, atawaita nyote mje kuiona.